Besi ilitoka wapi? Kuhusu chombo kinachopigwa kwa kugonga nyuzi

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mpiga solo hapa Tanga, bendi yetu ni ya hoteli na harusi. Juzi nimeona video ya mzungu mmoja kakaa kwenye stuli katika ukumbi mdogo, kavaa kitu kama mpini wa jembe chenye nyuzi nyingi. Hadonoi wala hakwaruzi. Mikono yote miwili iko juu ya shingo, inagongagonga nyuzi kama mtu anayechapa taipu, na hapo hapo inatoka besi, zinatoka kodi, inatoka solo. Kabla ya kuanza alisema hana wimbo aliouandaa, atabuni palepale. Akaenda dakika tisa! Kuna mahali besi ilipotea kabisa na mikono yote ikahamia upande mmoja. Mahali pengine alikosea noti, nilisikia wazi, halafu akairudia ileile mara tatu nne, watu wakashangilia. Wenzangu wanasema kuna kanda inapigwa nyuma. Hicho ni chombo gani? Alibuni kweli au alituigizia? Na mimi naweza kufanya hivyo kwa gitaa langu?

JIBU: Marahaba. Nianze na wenzako wa kanda, maana hilo unaweza kulimaliza mwenyewe usiku huu. Irudie video, ila safari hii usiutazame mkono wa kulia hata kidogo. Tazama wa kushoto tu. Katika chombo kile noti huishi kwa muda ambao kidole kimeukandamiza uzi. Ukiinua kidole, noti inakufa. Kwa hiyo mkono wa kushoto ukinyanyuka, tuseme anaweka mkanda sawa au anageuza kitufe, na besi ikaendelea kutembea, basi kuna kifaa kinachorudia alichokipiga mwanzo. Wanamuziki wanakiita lupu. Besi ikikatika pamoja na mkono, ni vidole vyake hivyo. Wapo wengi wanaotumia lupu bila kuona haya, wanaikanyaga kwa mguu mbele za watu, nami sioni udanganyifu hapo. Lakini umesema mwenyewe kwamba mikono yote ilipohamia upande mmoja, besi ilipotea. Kanda haipotei kwa sababu mtu kahamisha mkono.

Kwa ulivyokieleza, hicho ni Chapman Stick. Ni ubao mmoja mwembamba mrefu, hauna tumbo la gitaa, una nyuzi 10 au 12, na huvaliwa karibu wima: ndoano inashika mkanda wa suruali, mkanda mwingine unapita begani. Aliyekibuni ni Emmett Chapman, mpiga gitaa la jazz wa Los Angeles aliyezaliwa mwaka 1936 na kufariki 2021. Agosti 1969 alikuwa anachezea gitaa la nyuzi tisa alilojiundia mwenyewe, akaukuta mkao wa mikono ambao ndio uliozaa vyote vilivyofuata. Miaka mitano baadaye, 1974, alianza kuviuza vyombo vyenyewe.

Usije ukadhani yeye ndiye wa kwanza kugonga nyuzi. Jimmie Webster, aliyefanya kazi na kampuni ya magitaa ya Gretsch, alitoa kitabu cha mafunzo ya kugonga mwaka 1952. Na wewe kama mpiga solo bila shaka umewahi kumwiga Eddie Van Halen, mpiga gitaa la roki wa Marekani aliyewatia wazimu vijana wa dunia nzima mwaka 1978 kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia kurukia kwenye shingo. Ila mtazame vizuri mpiga gitaa anayefanya hivyo. Mkono wake wa kulia kwa kawaida unabaki na ule mlalo wake wa kudonoa, umeinama kufuata nyuzi, kwa hiyo ni kidole kimoja au viwili tu ndivyo vinavyopata pa kutua. Chapman aliupitisha mkono wa kulia kwa juu, ukaikabili shingo kutoka upande wa pili, vidole vikajipanga sambamba na freti, vile vyuma vinavyokata shingo, kama vya mkono wa kushoto. Kila kidole kikapata freti yake. Badala ya mkono mmoja unaobonyeza na mwingine unaodonoa, akawa na mikono miwili iliyo sawa, na kila mmoja unaweza kupiga skeli nzima bila kumwomba mwenzake msaada.

Hapo ndipo palipo siri, kama ipo. Katika gitaa lako noti moja inahitaji mikono miwili: huu unachagua, huu unatoa sauti. Ni ndoa. Katika kugonga, kubonyeza na kutoa sauti ni tendo moja. Kidole kinashuka ghafla, uzi unajigonga kwenye freti, na kipande kinachobaki kati ya freti na daraja kinalia. Kipande cha pili, kile cha kuelekea kichwa cha chombo, nacho kingelia na kuharibu mambo, kwa hiyo pale juu huwekwa kizuizi laini cha kukinyamazisha. Nyuzi zimeshushwa chini sana, karibu zibusu freti, na pikapu, kile kinasa sauti cha umeme kilicho chini ya nyuzi, ndiyo inayobeba kazi yote iliyobaki, maana bila umeme husikii kitu zaidi ya mlio wa mende kwenye kabati. Nguvu ya noti haitokani na kukandamiza bali na kasi ya kidole kinaposhuka.

Hili la kukandamiza lilinitia aibu mara ya kwanza nilipokishika, chombo cha mgeni mmoja aliyenionea imani. Nilikuja na mkono wangu wa gitaa la nyuzi za chuma, nikabana kama ninayekamua nazi. Kila noti ilitoka imepanda juu kidogo, chafu, na dakika kumi baadaye kifundo cha mkono kilikuwa kinawaka moto. Mwenyewe akacheka, akaniambia niguse kama ninayejaribu pasi kama imepata moto. Mambo yakabadilika papo hapo.

Wazo la uzi kugongwa badala ya kudonolewa ni la zamani kuliko umeme wenyewe. Ulaya walikuwa na klavikodi, kinanda kidogo ambamo kila kibao kina ulimi wa shaba unaoupiga uzi na kubaki umeugusa mpaka uachie. Ni Stick hiyo, isipokuwa mbao zimechukua nafasi ya vidole. Nasi pwani hatuna haki ya kushangaa sana vyombo vya ajabu, kwani taarab ya Mombasa ilishakaribisha taishokoto, chombo cha Kijapani kilichobuniwa mwaka 1912, chenye nyuzi na vitufe kama vya mashine ya taipu. Pale unabonyeza kitufe kwa mkono mmoja na kukwaruza kwa mwingine, kwa hiyo ni ndoa ileile ya gitaa. Lakini Mjapani aliyekibuni angemsikia Mswahili anavyokiliza, sijui angesemaje.

Sasa nyuzi zenyewe zimetuniwaje, kwa sababu hapa ndipo jibu la "alibuni kweli?" linapoanzia.

Tuchukue cha nyuzi 10. Nyuzi tano ni za solo, tano ni za besi, na zile nene zaidi za kila kundi zinakutana katikati ya shingo. Ukitoka katikati kwenda pembeni, upande wowote, sauti inapanda. Katika mpangilio uliozoeleka upande wa solo, kuanzia katikati, ni F#, B, E, A, D. Hesabu mwenyewe: kila uzi umemzidi mwenzake kwa nne kamili, yaani freti tano, bila ule mpasuko wa gitaa lako kati ya G na B, ambapo ni freti nne tu, unaotulazimisha kubadili umbo la kodi tunapovuka. Pale hakuna kuvuka. Umbo ulilojifunza kwenye uzi huu linakaa vilevile kwenye ule, na ukitaka kuhama ufunguo unasogeza mkono tu. Gitaa hukudai umbo jipya kila unapovuka mpaka ule. Hiki kinakudai umbo moja na kukuachia akili ufanyie mambo mengine.

Upande wa besi ni C, G, D, A, E, kwa tano kamili, yaani freti saba. Ile C ya katikati iko chini kuliko E ya gitaa la besi. Mpiga fidla anayetuni kizungu ataona nyuzi zake nne zote zipo pale, G, D, A, E, zikiwa zimeshushwa na kuongezewa C chini. Faida ya tano ni hii: kidole kimoja kwenye C, kingine freti ileile uzi unaofuata, unapata G. Uzi wa tatu freti ileile ni D. Ipandishe freti mbili, ni E, nayo kodi yako ni C meja. Ipandishe freti moja tu, ni E flati, kodi imekuwa maina. Na angalia ile tatu, yaani hiyo E, imekaa oktavu nzima juu ya mahali ambapo wewe ungeiweka. Tatu ikikaa chini kwenye besi inakuwa tope. Ikipanda juu, kodi inapumua. Ndiyo maana umesikia kodi zake zimetanda kama za piano, hazikubanana kama za rithimu ya bendi. (Nasema kodi ya muziki. Ile nyingine nayo hutanda, lakini haipumui.)

Kuanzia C ile ya chini hadi mwisho wa uzi wa juu kabisa wa solo ni zaidi ya oktavu tano. Halafu sauti mbili hizi hutoka kwa njia mbili tofauti ndani ya waya mmoja wa sterio, besi inaenda kwenye spika yake na solo kwenye yake. Ukiona solo inaelea kwenye mwangwi huku besi ni kavu kama ubao, wala usitafute mtu wa pili nyuma ya pazia.

Turudi kwenye kubuni. Wenzako wanapinga kwa sababu wanadhani kubuni ni kutoa kitu pasipokuwa na kitu. Hakuna anayefanya hivyo, hata mshairi wa kujibizana ukumbini. Anakuja na mizani na vina vilivyokwisha kuota mizizi kichwani, naye anachagua. Mpiga Stick anakuja na maumbo niliyokueleza, na kitu cha pili kikubwa zaidi: mkono wa kushoto usiohitaji kufikiriwa.

Kichwa cha binadamu hakiongozi mazungumzo mawili kwa wakati mmoja. Kinaongoza moja, na jingine linajiendesha. Kwa hiyo mkono wa kushoto unafundishwa vifungu vya kuzunguka, noti nne, noti sita, mizunguko ya saba kwa wapendao matatizo, miezi na miezi, mpaka mtu anaweza kujibu salamu huku unatembea. Hapo ndipo wa kulia unapokuwa huru kutangatanga. Ukiitazama tena video yako nadhani utaona dakika mbili za mwanzo hafanyi lolote la maana kwa mkono wa kulia. Anaweka noti moja moja, anasikiliza. Anangoja wa kushoto uzame. Sio madaha.

Hili nalo tunalijua huku kwetu kwa jina jingine. Sikiliza rekodi ambazo Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimfanyia Mwenda Jean Bosco kule Katanga, Kongo, mwaka 1952. Mtu mmoja, gitaa moja, anaimba Kiswahili, dole gumba linapiga besi lisisimame na kidole cha shahada kinapiga wimbo juu yake. Wapiga gitaa wa Nairobi waliomsikia waliharibika kwa wema. Dole gumba lake ndilo mkono wa kushoto wa huyu mzungu wako. Tofauti ni kwamba Mwenda alikuwa na mkono mmoja wa kushika na mmoja wa kudonoa, kwa hiyo besi na wimbo vilibidi vikae karibu, ndani ya kiganja kimoja. Kwenye Stick besi inaweza kukaa freti ya pili na solo freti ya ishirini, na hakuna atakayemvuta mwenzake.

Ama kwa mtiririko wa zile dakika tisa, mimi husikiliza kama ninavyosikiliza taksim, ule utangulizi wa chombo kimoja unaobuniwa palepale. Mkae Unguja usiku mmoja na mpiga kanuni (chombo cha nyuzi nyingi) wa vikundi vya taarab vya Ikhwani Safaa au Culture anapoachiwa uwanja kabla ya wimbo kuingia. Hakuna mwendo wa ngoma. Anaigusa sauti ya nyumbani ili uijue, anazungukia jirani, anapanda, anaonja maqam nyingine, yaani skeli nyingine, kidogo kama mgeni anayechungulia ukumbi ambao hakualikwa, halafu anarudi nyumbani na watu wanasema "Allah!". Kila noti ni mpya, ila safari si mpya. Aliyekuwa kwenye stuli anasafiri vivyo hivyo, ila yeye kabeba na ngoma yake mkono wa kushoto. Ile sehemu besi ilipopotea na mikono yote ikahamia upande wa solo ndipo alipoondoka nyumbani kwa kweli: kajinyang'anya sakafu, mikono miwili inasukana kwenye nyuzi zilezile tano, vidole kumi vikipishana mahali padogo. Besi iliporudi ulishusha pumzi, au sivyo? Ulishusha kwa sababu alikuwa amekunyima kwanza.

Halafu lile kosa. Nimelipenda swali lako kuliko yote kwa sababu yake. Ulisikia sawa, alikosea. Katika mpangilio wa nne kamili, kidole kikiteleza freti moja unakuwa nusu sauti nje ya njia, na nusu sauti inasikika hata na mwenye kiti cha nyuma. Mwanafunzi hukunja uso, akakimbilia noti sahihi, na kwa kukimbia kwake anamthibitishia kila mtu kwamba amekosea. Huyu alifanya kinyume: akairudia. Mara ya kwanza ni ajali. Mara ya pili sikio linasita. Mara ya tatu limeshakubali kuwa ni mahali alipokusudia kufika. Na mara ya nne, kama nilivyokuelewa, mkono wa kushoto nao ulikuwa umesogea chini yake ili noti ile ikae ndani ya kodi. Watu hawakushangilia noti, walishangilia kule kuokolewa. Mtu aliyekariri dakika tisa angekuwa na ramani, na kosa lingemtupa nje ya barabara. Ungeona macho yanatafuta. Ukitaka ushahidi kwamba alibuni, umeuandika mwenyewe katika swali lako.

Nisimpambe kupita kiasi. Kubuni kwa Stick kuna ugonjwa wake nao ni uleule unaofanya mkono wa kushoto uwe huru. Mzunguko wa besi ukishazoea, hautaki kufa. Nimesikia wapiga wazuri wakikaa dakika kumi na mbili juu ya kodi mbili kwa sababu kuhama kungewalazimu kuufikiria mkono ambao wameuzoesha kutofikiriwa. Vidole vinakimbia, muziki umekaa. Ndani ya bendi chombo hiki hukaa vizuri zaidi, kwa maoni yangu. Tony Levin alikipiga na King Crimson, bendi ya roki ya Uingereza, kuanzia albamu yao ya 1981, na kwa mikono miwili ile anafanya machache sana kuliko anayoweza. Ana mpiga ngoma wa kumwachia nafasi. Peke yako jukwaani hakuna wa kukunyamazisha.

Sasa wewe na gitaa lako. Chombo chenyewe ni bei ya maelfu ya dola, kwa hiyo tukiache huko California kwanza. Tafuta gitaa la umeme usilolionea huruma. Shusha daraja mpaka nyuzi zikaribie kulalamika, kisha ongeza kidogo tu. Funga kitambaa chembamba au mpira wa nywele wa dada yako juu ya nyuzi karibu na freti ya kwanza, upande wa kichwa, ndicho kizuizi chako. Ongeza sauti kwenye amplifaya kuliko ulivyozoea na uguse kidogo kuliko ulivyozoea. Kaa, inua shingo ya gitaa mpaka iwe karibu na sikio lako la kushoto, kisha lete mkono wa kulia kwa juu, vidole vilale sambamba na freti. Utajiona kituko. Endelea.

Usianze na solo, najua mikono yako inataka. Wiki tatu za kwanza za mkono wa kushoto tu: noti nne kwenye nyuzi mbili nene, mwendo wa chakacha kama unaupenda, polepole, bila kusimama dakika tano. Kila siku mwambie mtu akuulize maswali ya kawaida, umekula nini, nauli ya Korogwe shilingi ngapi siku hizi. Siku utakayojibu bila besi kuyumba, ongeza noti moja ya mkono wa kulia. Moja. Kifundo kikianza kuuma acha siku hiyo hiyo, unabana.

Kutakuwa na upungufu na ni vizuri uujue mapema. Nyuzi sita hazitoshi kugawana, besi yako itaishia kwenye E, na ule mpasuko wa G na B utakusumbua mpaka uamue kutuni zote kwa nne, yaani E, A, D, G, C, F. Hilo linafanyika kwa nyuzi zilezile, unapandisha mbili za mwisho nusu sauti. Zikikatika, nunua nyembamba zaidi. Ila kodi zako zote za kawaida zitapotea kwenye gitaa hilo, ndiyo maana nimesema tafuta jingine, usilete la kazini.

Na harusini usiipeleke bado hata ikianza kukaa vizuri. Bwana harusi amelipia sebene.